Mlolongo wa Wanawake

Kazi yangu ni kukodisha viti. Viti vya plastiki, mahema, majamvi na sufuria kubwa za pilau, hapa Likoni, katika uwanja alioniachia marehemu babangu. Mtu akiniuliza habari za siasa za mtaa wetu simwambii ninavyofikiri. Namwambia viti vingapi vilitoka na vingapi vilikaliwa. Fikira zangu hubadilika kila siku kwa hali ya tumbo. Kiti kitupu ni kitupu tu.

Sisi ni watu wa chama. Nasema hivyo kama mtu anavyosema yeye ni wa ukoo fulani. Hakuna aliyekaa akachagua. Mamangu alikuwa akiweka kadi yake ya chama katika mkoba mmoja na cheti cha ndoa, na siku jiko la mafuta ya taa lilipotaka kutuunguzia nyumba, mkoba ule ulitolewa nje kabla yangu. Chama chetu kilikuwa cha watu wasiopenda mambo kugeuzwageuzwa. Dini iheshimiwe, mkubwa aamkiwe, baa isifunguliwe karibu na msikiti, shamba lisiuzwe kwa mgeni kabla jirani hajaulizwa. Kila uchaguzi ukija wakubwa wa chama walivuka feri, wakakaa kwenye viti vyangu, wakala pilau ya mamangu mdogo, wakatuambia kwamba sisi ndio uti wa mgongo wa chama. Uti wa mgongo, kwa asiyejua, ni ile sehemu ya mwili ambayo mwenyewe haioni, na ndiyo hubebeshwa kila kitu.

Mwenyekiti wa tawi letu alikuwa mwalimu mstaafu. Tulimwita Mwalimu, hata sisi tuliokwisha kuota mvi. Ndiye aliyenifundisha kuhesabu, kwa bakora, na akinipata na kosa alinirudisha kwenye moja. Ndiyo sababu mpaka leo kila kitu nakihesabu mara mbili, mara moja kwa ajili ya biashara na mara moja kwa ajili ya bakora. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kanzu moja nyeupe na nyingine nyeupe zaidi. Mkewe alimfia binti yao akiwa darasa la nne, na mamangu mdogo, ambaye ndiye mpishi wa harusi na matanga ya mtaa mzima, ndiye aliyemwosha maiti. Tangu siku ile yule binti alikuwa mtoto wa wanawake wote. Huyu alimsuka, huyu alimpikia, huyu alimfundisha yale ambayo baba hafundishi.

Ninayoyaandika hapa ni yale tuliyomfanyia Mwalimu, watu wa mtaa mmoja, bila kutumwa na mtu. Hatujayamaliza mpaka leo, na sijui kama yatamalizika.

Uchaguzi ulipokaribia tulitaka mwakilishi wa wadi awe mtu wetu. Tulikuwa naye: fundi wa mabomba, mtu mpole, ambaye mfereji wako ukikauka anakuja na spana yake kabla hujamaliza kulalamika. Wakubwa wa chama nao walikuwa na wao, kijana wa ng'ambo ya feri mwenye viatu ambavyo havijawahi kukutana na matope, na mkwewe anakula meza moja na watu wa juu. Tulinung'unika. Mwalimu akatutuliza barazani baada ya sala.

"Safari hii mtachagua wenyewe," alisema. "Wallahi, wameniahidi."

"Wamekuahidi wapi, Mwalimu?" nilimwuliza.

"Ofisini kwao."

"Umesimama ama umekaa?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa sifanyi mzaha. Mtu anayekuahidi kitu bila kukupa kiti, ahadi yake ni ya kukutoa mlangoni.

Siku ya mchujo wa chama tulikusanyika uwanja wa shule tangu asubuhi. Tukaambiwa karatasi za kura hazikutosha, kwa hivyo tutapanga mlolongo: kila mgombea asimame mahali pake, amtakaye asimame nyuma yake, watu wahesabiwe. Hapo ndipo heshima yetu ilipotuponza. Kwetu mwanamke hapangi mstari kifua kwa mgongo na mwanamume asiye wake. Hapangi kliniki, hapangi benki, seuze uwanjani mbele ya watu. Mwalimu, kama alivyofanya miaka yote katika mikutano ya tawi, aliinua bakora akaonyesha upande wa ukuta wenye kivuli.

"Kina mama, pale. Nyuma ya mamake mgombea."

Wakaenda. Hakuna aliyeona ajabu. Mamake fundi wa mabomba, ajuza asiyeona vizuri, alisimamishwa mbele akishika ukuta, na nyuma yake wanawake wakajipanga vizuri kuliko sisi, buibui kwa buibui, mamangu mdogo akiwa wa pili.

Nilihesabu. Wanaume wetu walikuwa mia moja themanini na wanane. Wanaume wa yule kijana walikuwa mia mbili na watatu, na katika hao niliwatambua labda sitini. Waliosalia walikuwa wameshuka kwenye mabasi yaliyotoka upande wa Changamwe, na mmoja wao aliniuliza kwa adabu kabisa hapa panaitwaje. Wanawake wetu walikuwa mia mbili arubaini na mmoja. Nikarudia kutoka nyuma kuja mbele. Mia mbili arubaini na mmoja. Yule kijana hakuwa na mwanamke hata mmoja. Nikajumlisha, nikaenda nyumbani kula, nikijua tumeshinda kwa watu mia mbili ishirini na sita.

Alasiri tukaambiwa tumeshindwa kwa watu kumi na watano.

Maelezo hayakuwa marefu. Wanawake wale, walisema, walisimama nyuma ya mtu asiyegombea. Karani aliyetumwa na chama, msichana mwenye kizibao cha manjano na sauti ya mtu anayesoma bei ya dawa, alieleza hivi: "Yule bibi hakuwasilisha fomu ya kugombea. Walio nyuma yake hawana mgombea." Akakunja karatasi. Chini ya karatasi ile palikuwa na saini tatu, na moja yao, ya mwandiko uliolala kulia ambao nimeuona kwenye daftari langu la utotoni zaidi ya nilivyotaka, ilikuwa ya Mwalimu.

Jioni ile baraza lilijaa. Alikuja mwenyewe, hakujificha. Akakaa mahali pake pa siku zote.

"Mwalimu, kwa nini ulisaini?" fundi wa mabomba alimwuliza, na ndiyo mara pekee niliyosikia sauti yake ikipanda.

"Nilichosaini ni idadi," alisema Mwalimu. "Imeandikwa nyuma yako walisimama watu mia moja themanini na wanane. Kweli ama si kweli?"

"Na wanawake?"

"Karatasi haikuwa na mahali pa kuandika wanawake."

"Ungekataa kusaini."

"Ningekataa wangemleta mwingine asaini. Hata wa Mikindani wangemleta. Saini yangu ni ya kuwajazia karatasi tu, haizuii kitu."

"Nani aliyewapeleka kina mama ukutani?" mtu mmoja alisema kutoka nyuma.

Mwalimu aligeuka kumtafuta aliyesema. "Wanakaa ukutani siku zote," alijibu, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kwa nini jua linatoka upande ule.

Sasa nikisema kweli, naamini hakukusudia. Aliwapeleka ukutani kwa mazoea, na wale wa ng'ambo, ambao wanatujua mazoea yetu kuliko tunavyojijua, walikuja na karatasi isiyo na mahali pa wanawake. Lakini jioni ile kuamini hivyo hakukuwa na ladha. Tulihitaji mtu aliyekusudia, na wakubwa walikuwa ng'ambo ya maji, na yeye alikuwa hapa, amekaa mkono unamfikia.

Baadaye redioni walikuja wajuzi wakaeleza kwa nini watu kama sisi, watu wa kadi zilizowekwa pamoja na vyeti vya ndoa, tuliasi chama chetu. Walisema ni maji, ni kazi za bandarini, ni barabara. Maji ya uhakika hatujapata tangu nina meno ya utoto, na hatukuasi. Barabara tunaijua mashimo yake kwa majina. Mtu wa mila huvumilia shida, hata huionea fahari kidogo. Akiwa na maji ya mfereji atamsimulia nani kwamba alipokuwa mdogo aliteka kisimani? Tusichoweza kukivumilia ni kuibiwa kwa adabu zetu wenyewe. Chama kilichotuambia miaka yote kwamba kiko kulinda heshima ya mama zetu kilingoja mama zetu wasimame kwa heshima, kisha kikasema hawapo.

Na kuna la pili, hili nalijua kwa biashara. Mteja ninayejua hana pa kwenda simpunguzii. Namwuliza hali ya watoto, namwita ndugu, nampa maji ya baridi, lakini bei sishushi, kwa nini nishushe? Anayenishusha ni yule ambaye ameshageuza mgongo, hata kama najua kule anakokwenda viti vina miguu iliyovunjika. Wakubwa wa chama walikuwa na hakika na sisi. Walipiga hesabu wakaona: hawa, watamchagua nani mwingine? Basi ilitubidi tugeuze mgongo twende kwenye viti vilivyovunjika.

Na vilikuwa vimevunjika kweli. Mgombea huru aliyebaki alikuwa mtu wa hapa hapa, mwenye jumba la muziki, aliyewahi kupiga ngoma zake Ramadhani mpaka imamu akasahau rakaa. Alikuwa hana dogo wala kubwa, mwenye ulimi wa kuchubua ngozi. Alipita mitaani na vipaza sauti juu ya gari akisema, "Mimi sina adabu, lakini sitamtoa mamako kwenye hesabu." Watu walifungua madirisha kumsikiliza. Watu haohao waliokuwa wakiyafunga.

Nilimkuta mamangu mdogo uwanjani kwangu akisugua sufuria kwa mchanga.

"Mama," nilimwambia, "nasikia nyinyi mtampigia yule mwenye ngoma."

"Abee, tutampigia."

"Yule mshenzi?"

"Ndiye. Ungekuwa na mshenzi mwingine zaidi yake ningempigia huyo."

"Ataharibu kila kitu."

"Na aharibu," alisema, na akaimwagia sufuria maji. "Mimi nimewapikia watu wale chaguzi sita. Nimewapikia na homa. Hawajui hata jina langu, sawa, sitaki wajue jina. Lakini kichwa changu wamekiona, kiko pale ukutani, na wamesema hakipo. Tutaona kisichokuwepo kinapiga kura namna gani."

Nilidhani amemaliza. Aliigeuza sufuria upande wa pili.

"Na Mwalimu hatumwendei," alisema. "Harusi ile ya bintiye inayokuja. Hatumwendei."

Kususa hakuna kikao, hakuna anayesimama akatangaza. Mwanamke mmoja anamwambia mwenziwe kisimani, "Mimi siendi," na yule anajibu, "Kwani mimi naenda?" Ikifika Ijumaa mtaa mzima unajua, na anayesusiwa ndiye wa mwisho kujua, kwa sababu salamu hazikatwi. Shikamoo Mwalimu, marahaba mwanangu, kama kawaida.

"Na mtoto?" nilimwuliza. "Umemlea wewe."

Aliacha kusugua. "Sisi hatuhesabiwi," alisema. "Basi na yeye asituhesabu."

Siku ya tatu Mwalimu akaja kuagiza viti. Alikaa kwenye kiti kimoja kwa majaribio, akakitikisa, akasema vizuri. Alikuwa na furaha ya mtu anayeozesha. Bwana harusi alikuwa kijana wa Mishomoroni, wa familia ya watu wa dini, karani wa kampuni ya mizigo.

"Nataka mia mbili," alisema.

Hapo ningeweza kumwambia. Tulikuwa peke yetu. Ningesema, Mwalimu, ahirisha, au nenda ukazungumze na kina mama kwanza, au angalau chukua thelathini. Badala yake nilimwambia hivi, nakumbuka kila neno: "Mwalimu, mia mbili kwa mtu kama wewe? Wewe ni mtu wa watu. Chukua mia tatu, wasije wageni wakasimama."

Alifikiri, akaridhika. "Mia tatu," alisema. "Ni kweli, ni aibu watu kusimama."

Nikamwandikia. Nilimpa na mahema mawili badala ya moja.

Nikahi ilisomwa msikitini, na kwa sababu ilifuata sala ya adhuhuri hakuna aliyeweza kukimbia kabla haijaanza. Lakini baada ya dua watu walitafuta viatu vyao kwa haraka, wakamshika Mwalimu mkono, mabruki mabruki, na wakaelekea makwao. Tulipofika uwanjani kwake mahema yalikuwa yamesimama, viti mia tatu vimepangwa safu za ishirini ishirini, na mpishi wa kukodi kutoka Kisauni, aliyeambiwa na Mwalimu kwamba mpishi wa mtaa anaumwa mgongo, alikuwa amepika sufuria tatu.

Upande wa bwana harusi walikuja wanaume thelathini na mmoja, na wanawake wao wakapita ndani. Walikaa mbele, wakageuka kutazama nyuma, wakageuka tena mbele. Upande wetu walikuja wapangaji wanane, watu wa bara wanaofanya kazi bandarini na kwenye kiwanda, ambao hawakujua kususa ni nini. Walisikia harufu, wakaoga, wakaja na zawadi ya vikombe iliyofungwa kwa gazeti. Walikula vizuri. Mmoja aliniuliza, "Buda, wengine wanakuja saa ngapi?"

"Wako njiani," nikamwambia.

Viti mia mbili sitini na kimoja vilikuwa vitupu. Nimeona viti vitupu maisha yangu yote. Asubuhi kabla ya shughuli vyote ni vitupu na havisemi kitu. Hivi vilikuwa vinasema.

Lakini la wanaume lilikuwa jepesi. Lililokuwa ndani, kwa wanawake, nilisimuliwa baadaye na mke wa mpangaji mmoja aliyeingia kwa kutojua. Bibi harusi alikaa juu ya kiti chake amepambwa, hina mpaka viwikoni, na wanawake wa Mishomoroni wakaingia wakiimba, kama inavyopasa, wakingoja waitikiwe na wanawake wa upande wa bibi harusi. Waliimba ubeti wa kwanza. Hakuna aliyeitikia. Wakaimba wa pili, kwa sauti ndogo. Mama mkwe akatazama huku na huku, akamwuliza bibi harusi kwa sikio, "Mwanangu, nyinyi hamna watu?" Na yule msichana, aliyelelewa na wanawake mia mbili arubaini na mmoja, akaitikia wimbo mwenyewe, peke yake, jambo ambalo bibi harusi hafanyi. Aliuitikia mpaka mwisho.

Nyumba ya nne kutoka pale, mamangu mdogo alikuwa amekaa jikoni kwake na mlango umefungwa. Najua alikuwako kwa sababu nilimpelekea pilau. Aliipokea, hakuifunua.

Wakubwa wa chama walikuwa wamealikwa pia. Hakuja hata mmoja, na si kwa kususa, walisahau. Yule kijana aliyepewa cheti cha kugombea alituma bango lenye picha yake linalowatakia maharusi kila la heri. Upepo ulilichukua kabla ya alasiri.

Jua lilipoanza kushuka nilikuja kukusanya viti. Mwalimu alinisaidia kuvipanga, kumi kumi, kanzu yake ikiburura.

"Ulijua?" aliniuliza.

"Nilijua."

"Tangu nilipokuja kuagiza?"

"Tangu kabla."

Alichukua viti vingine kumi. Vilikuwa havina hata vumbi.

"Ungeniambia nipike sufuria moja," alisema.

Hiyo tu. Afadhali angenitukana. Tusi lingekuwa bei, ningelipa tukamalizana.

Siku ya uchaguzi tulimpigia mwenye jumba la muziki. Mimi mwenyewe nilimpigia, nikiwa nimevaa kofia yangu ya msikitini, na nilijisikia vizuri kama mtu aliyevunja sahani kwa kukusudia. Wanawake walipanga mstari tangu alfajiri, na safari hii walijipanga popote, kati ya wanaume, kifua kwa mgongo. Kijana wa ng'ambo alipata kura ambazo mtu angeweza kuzikalisha kwenye viti vyangu na vikabaki vya mazishi. Mahali ambapo chama hakijawahi kushindwa kikashindwa. Watu walipiga vigelegele mpaka feri, na kwa wiki moja hivi tulitembea kama watu wenye mali.

Kisha wakati ukafanya kazi yake. Kijana wa ng'ambo hakukaa hata miezi mitatu bila kazi. Alipewa kiti katika bodi ya maji. Fundi wetu wa mabomba ndiye anayemwandikia barua mifereji ikikauka, na hajibiwi. Mwenye jumba la muziki naye akafahamu kwamba mtu huru hana kamati wala mafungu ya fedha, akarudi kwenye chama. Walimpokea kwa sherehe, uwanja uleule wa shule. Wakubwa wakavuka feri. Nilipeleka viti mia nne, na vyote vilikaliwa. Mamangu mdogo alipika. Mkubwa mmoja alisimama akatuambia tulikuwa tumekasirika kidogo kama watoto wanavyowakasirikia wazazi, na kwamba sisi ndio uti wa mgongo. Tukapiga makofi. Nilitazama kote, Mwalimu hakuwepo. Uenyekiti wa tawi walishampa mtu mwingine bila kumwandikia barua. Pigo letu lilivuka maji likarudi likiwa limechoka, halikumuumiza mtu huko. Lililobaki huku lilimmaliza yeye.

Alikuwa ameacha kutoka. Kurani aliyokuwa akiwasomesha watoto wa mtaa aliiacha, si kwa hasira, watoto walikuwa hawaletwi. Ramadhani ilipokaribia watu wakaanza kuhisi uzito, kwa sababu mtu hawezi kuingia mwezi ule na kinyongo na jirani. Watu huombana radhi, huyu kwa yule, ndiyo desturi. Tukamwendea, watu saba, mamangu mdogo akiwa mmoja wetu. Alitufungulia.

"Ndooni, kaeni," alisema. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi hamkunifanyia kitu. Aliyekaa pale ndani na kuitikia nyimbo peke yake si mimi. Mwendeeni mwenyewe."

Basi Jumapili tukavuka, saba walewale, mpaka Mishomoroni. Binti alikuwa na mimba kubwa. Alituamkia shikamoo kwa mpango wa umri, hakumkosea hata mmoja, akatuletea maji ya ndimu. Mamangu mdogo hakuinua uso.

"Tumekuja kuombana radhi, mwanangu," nilianza, kwa sababu nilichaguliwa kwa ulimi.

"Ahsanteni. Babangu mmemsamehe?"

"Tumemsamehe."

"Na yule aliyepewa cheti, mmemsamehe?"

"Yule yuko bodi ya maji," nikasema.

"Na yule wa ngoma?"

"Amerudi chamani."

"Na nyinyi?"

Mamangu mdogo ndiye aliyejibu, akiwaambia magoti yake. "Na sisi tumerudi."

"Kwa hiyo aliye nje ni babangu peke yake," alisema yule binti. Hakulia, hakupandisha sauti. Alikuwa na mwandiko wa babake hata katika kusema. "Mimi nawasamehe. Lakini mwende kwake mmoja mmoja. Siku ile hamkuja mmoja mmoja. Kila mtu alikaa kwake akijua wenziwe wako kwao. Basi mwende vivyo hivyo. Mtu apige hodi, aseme 'sikuja kwa sababu hii', aiseme sababu yenyewe, aondoke. Msiende kundi. Kundi halimjui mtu."

Nimefanya biashara tangu sijabalehe, na bei ile niliisikia ikipita juu ya kichwa changu. Nikajaribu kuishusha.

"Mwanangu, wakienda wazee watatu kwa niaba ya wote?"

"Hapana, ami."

"Wazee watatu na huyu mamangu mdogo."

"Ami," alisema, "ile mia tatu uliitoa wapi?"

Nikanywa maji ya ndimu.

Tuliporudi kwenye feri kila mmoja alisimama mbali na mwenziwe. Kesho yake mamangu mdogo alikwenda, asubuhi mapema, bila buibui ya kutokea, kanga tu, kama mtu anayekwenda kuazima chumvi. Alikaa muda mrefu. Alivyosema hakuniambia, na mimi simwulizi. Wa pili alikuwa yule ajuza, mamake fundi wa mabomba, aliyekwenda akipapasa ukuta. Baada ya hapo hakwenda mtu mwingine, na Ramadhani ile tuliingia hivyo hivyo, tukafunga, tukafungua, tukapeana tende.

Uwanja wangu na nyumba ya Mwalimu vinatengwa na ukuta mmoja. Namsikia akikohoa, namsikia akisoma. Mara nyingine nafika mpaka mlangoni pake, najifanya naangalia kamba za hema. Wengine wana sababu wanazoweza kuzisema: mke alinikataza, nilikuwa na hasira za mchujo, niliona wengine hawaendi. Yangu haina mahali pa kuanzia. Kama ingekuwa ni hasira za chama tu, ningempa viti thelathini nikamwacha. Nilimwambia mia tatu kwa sababu nilitaka kuviona vimepangwa, safu kwa safu, na hakuna mtu. Sijapata namna ya kumwambia hivyo mtu aliyenifundisha kuhesabu, na bado sijapiga hodi.